Shamba la kuvutia pongo lipimwe udongo kwanza

Ndugu Mhariri,

Kijijini kwetu wilayani Liwale tulipanda kunde na fiwi kwenye shamba la zamani la mikorosho, ili pongo na swala watoke porini na wageni wawaone. Mimea imedumaa, majani yamegeuka manjano. Wenzangu wanalaumu mbegu. Mimi naomba sana tuutazame udongo.

Mikorosho ile ilipulizwa salfa miaka nenda miaka rudi kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa ikifika ardhini huongeza tindikali, na tindikali ikizidi, vile vinundu vya mizizini vinavyoipatia kunde naitrojeni havijengeki. Nimeng'oa miche kadhaa, mizizi mitupu kabisa! Kumwaga mbolea ya chumvichumvi hapo ni kutupa fedha. Udongo upimwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko mkoa jirani wa Mtwara, kisha chokaa ya kupunguza tindikali ichanganywe mapema kabla ya mvua, maana haifanyi kazi kwa siku moja.

Pia tuzungushie wavu kipande kidogo. Ndani kukistawi na nje kukabaki vishina, basi wanyama wanakula kabla mimea haijashika, na shamba lipanuliwe. Bwana shamba wetu atusaidie kabla ya Novemba.

Mkulima wa korosho,
Liwale, Lindi