Barua ya malalamiko: goniopora mliyoniuzia imekufa kwa njaa

Ngamiani,
Tanga.
19 Agosti 2024

Kwa Meneja,
Kampuni ya Vifaa vya Matangi ya Samaki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KARATASI YENU YA MAELEKEZO NA GONIOPORA ILIYOKUFA KWA NJAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Ngamiani, na ni mteja wenu tangu mwaka 2021. Tarehe 11 Novemba 2023 nilinunua kwenu goniopora moja, tumbawe hai la kufugwa kwenye tangi la maji ya bahari, kwa shilingi 280,000. Kwa ushauri wa muuzaji wenu nikachukua pia dawa ya kunyonya fosfeti kwa shilingi 95,000. Nakala za risiti zote mbili nimeziweka pamoja na barua hii. Goniopora hiyo ilikufa tarehe 6 Julai mwaka huu. Imekufa kwa njaa, na njaa hiyo imetokana na karatasi ya maelekezo mliyoiweka ndani ya boksi.

Karatasi ninayo hapa mezani. Kuhusu chakula inasema hivi, nanukuu yote: "Tumbawe hili ni rahisi kutunza. Halihitaji kulishwa, mwanga unatosha. Hakikisha naitreti na fosfeti ni sifuri." Naitreti na fosfeti ni virutubisho vyenye naitrojeni na fosforasi vilivyoyeyuka majini. Nililitii kila neno. Nyumbani kwangu kitu kikija na maelekezo husomwa kwanza ndipo kikaguswa, maana hata mimi nikimrudishia mteja friji lake humwachia maelekezo, na akiyafuata friji likaharibika, mwenye kulaumiwa ni mimi.

Kwanza niwape haki yenu. Ufungaji wenu ulikuwa mzuri. Boksi lilikuja na basi la asubuhi, na lilipofika stendi ya Tanga maji ndani ya mfuko yalikuwa bado ya baridi ya kawaida, tumbawe likiwa halina jeraha. Kwa hiyo sidai kwamba mliniuzia kitu kibovu. Lilikuwa zima kabisa, na ndiyo sababu naumia.

Tangi langu ni la lita 300. Maji ni ya bahari, anayonichotea nahodha mmoja wa Sahare kwa madumu, nje ya ghuba, akishapita kisiwa cha Toten, maji yakiwa yamejaa. Masika huwa simtumi, kwa sababu mito ya Sigi na Mkulumuzi huleta tope na maji baridi yasiyo na chumvi. Hapo hutumia akiba niliyojaza mapema. Chumvi napima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, na haitoki kwenye 35 kwa elfu. Joto ni nyuzi 26, kalsiamu miligramu 430 kwa lita, magnesiamu 1,320. Daftari la vipimo vya kila wiki lipo, na kurasa zake nimezitoa nakala. Angalieni safu ya fosfeti: kuanzia Desemba ni sifuri, sifuri, sifuri, kama mlivyoagiza.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa furaha ya nyumba nzima. Taa zikiwaka asubuhi polipu, yaani vile viumbe vidogo vyenye mdomo vinavyounda tumbawe, zilianza kuchomoza taratibu, na ikifika saa nne zimenyooka urefu wa kiganja, kijani kibichi na katikati waridi, zikiyumba zote kwa pamoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Mke wangu aligeuza kiti chake, akaipa televisheni mgongo. Watoto wa jirani walikuwa wakija kuhesabu minyiri, vile vidole vinavyozunguka mdomo, ya polipu moja, wanapotea, wanaanza upya, hadi mmoja akapata 24. Nawaeleza haya ili mjue nyumba yangu imepoteza nini.

Februari polipu zikawa zinafika nusu ya urefu ule. Nikadhani ni joto la kaskazi, nikaongeza nguvu ya kipoza maji nilichokiunda kwa kompresa ya friji kuukuu. Hakuna kilichobadilika. Machi nyama ya upande wa chini ikaanza kunywea na mfupa mweupe ukaonekana, mwanzo kama ukucha, baada ya wiki mbili kama sarafu ya mia mbili.

Nilipiga simu kwenu mara tatu. Tarehe 4 Machi kijana wenu alinijibu kwa adabu, akasema nipunguze mwanga. Nikapunguza. Tarehe 20 Machi mwingine akasema nibadilishe maji mara nyingi zaidi na niongeze ile dawa ya fosfeti. Nikaongeza. Nilipomuuliza kama nijaribu kulisha, akasema nisithubutu, nitachafua maji na kuua kila kilichomo. Tarehe 15 Aprili dada aliyepokea simu aliniambia, "Kaka, hayo matumbawe ndivyo yalivyo, hayamalizi mwaka."

Ndugu Meneja, hapo ndipo subira yangu ilipoishia. Karatasi inasema rahisi kutunza, simu inasema hayamalizi mwaka, na vyote viwili vimetoka duka moja. Kama mnajua kwamba mnachouza kitakufa, mteja anapaswa kuambiwa kabla hajatoa pesa, siyo baada ya mfupa kuonekana.

Tena alichosema dada huyo ni habari ya zamani. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wafugaji wa matumbawe duniani waliiona goniopora ikipendeza miezi michache kisha ikinywea na kufa, na wengi walishauriana wasiinunue kabisa. Leo wapo wanaoishi nayo miaka na miaka, ikakua hadi wakaikata na kugawana vipande. Jambo kubwa walilobadilisha ni kuilisha, na kuacha kuyasafisha maji mpaka yakabaki matupu.

Aliyenifungua macho ni yule nahodha wangu. Alileta madumu mwishoni mwa Aprili, akasimama mbele ya tangi muda mrefu, akasema, "Mwanangu, maji yako haya hayana kitu. Tumbawe kama hili sisi tunalikuta ndani, kwenye maji ya ukungu, si kule nje kunakong'aa." Mzee huyo hajasoma kitabu cha matumbawe, lakini amesema kweli. Goniopora nyingi hukaa sehemu zilizotulia, kwenye maji yenye chembechembe, ambako chakula kinapita mbele ya midomo yake mchana na usiku. Mimi, kwa karatasi yenu, nimeitoa huko nikaiweka kwenye maji ya kioo, nikawasha kichujio cha povu saa 24 kiondoe kilichobaki, kisha nikamwagia dawa ya kunyonya hata ile fosfeti kidogo ambayo ingeifaa.

Mwanga una kazi yake, sikatai. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao. Lakini sukari ni nguvu tu. Nyama haijengwi kwa sukari. Inahitaji naitrojeni na fosforasi, na hizo tumbawe huzipata kwenye viumbe wadogo linaowakamata na kwenye maji yenyewe. Mtu ukimpa ugali mkavu kila siku bila kitoweo, atasimama, atatembea, mwezi wa kwanza hata jirani hatajua. Ndivyo ilivyokuwa goniopora yangu Desemba na Januari, imependeza huku inajila.

Siku mbili baada ya maneno ya nahodha nilichukua msumeno wa chuma wenye meno mapya nikakata upande uliokuwa bado mzima, kipande cha ukubwa wa limau. Nikakiweka kwenye tangi la pembeni la lita 40, maji yale yale, joto lile lile, taa ya aina ile ile. Tangi kubwa niliendelea kulitunza kwa karatasi yenu, kwa sababu bado nilikuwa na hofu ya yale niliyoambiwa kwenye simu. Kile kipande nikakilisha.

Naandika jinsi ninavyolisha, ili mkitaka muandike karatasi mpya msikose pa kuanzia. Naangua mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, kwenye chupa ya maji iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini, yenye maji ya chumvi na hewa ya pampu ndogo. Kwa joto la Tanga huanguliwa kwa siku moja hivi, nami huvilisha vitoto siku hiyo hiyo kabla havijamaliza kiini vilichozaliwa nacho, kwa kuwa ndicho chenye lishe. Siku nyingine natoa rotifa, vijidudu vidogo zaidi vya majini, ninaowakuza kwenye ndoo kwa maji ya kijani ya mwani. Mara nne kwa wiki nazima pampu zote, nasubiri maji yatulie, kisha kwa sirinji isiyo na sindano nasukuma wingu dogo la chakula juu ya polipu, polepole sana. Ukisukuma kwa nguvu zinajikunja na mlo wa siku umekwisha. Baada ya dakika 20 nawasha pampu tena. Chembe lazima ziwe ndogo: mdomo wa goniopora ni mdogo mno, na ukiipa kipande cha kamba itakiacha kianguke kioze mchangani. Haimezi kwa pupa ikakuonyesha kwamba imekula. Inabidi umwamini, ungoje.

Nilingoja wiki tano. Mwanzoni mwa Juni polipu za kile kipande zilikuwa zimenyooka kuliko za mama yake, na nyama mpya imeanza kufunika alama ya msumeno. Kwenye tangi hilo naitreti ni miligramu 10 kwa lita na fosfeti ni 0.05, wala hakuna kilichochafuka. Nikaanza kumlisha na mama. Nilikuwa nimechelewa. Hakuwa tena na nguvu ya kufungua polipu zote, na mapema Julai ute wa kahawia ulitokea penye jeraha. Nikaunyonya kwa mpira, nikaosha, usiku wa pili yake ukawa umerudi na kusambaa. Siku ya tatu nyumba ilinuka, na kilichobaki kilikuwa jiwe. Laiti ningeanza kulisha Machi, nilipouliza, tusingefika huko. Niliuliza nikakatazwa.

Kuna jambo jingine, fupi lakini zito. Risiti yenu imeandika alveopora, tumbawe jingine linalofanana na goniopora. Alveopora ina minyiri 12 kwa kila polipu. Yangu ilikuwa na 24, hiyo ni goniopora, hata mtoto wa jirani alihesabu. Matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka wa nchi bila kibali cha kule yanakotoka, na kibali hutaja jina. Muuzaji wenu aliniambia limefugwa Indonesia. Niliomba nakala ya kibali Novemba, nikaahidiwa, mpaka leo sijaiona. Kwangu hili si suala la karatasi tu. Mwamba wetu wa Tanga ulipigwa baruti miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 likaua matumbawe tele pwani hii. Nilikuja kununua kwenu kwa kuwa sitaki kuvunja hata kipande kimoja hapa kwetu. Nina haki ya kujua kwamba hamkuvunja kwingine.

Ninachodai ni haya. Mnirudishie shilingi 280,000 za tumbawe. Ya dawa ya fosfeti sidai, niliitumia na ilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa kuniambia niitumie. Mnipe nakala ya kibali chenye jina sahihi. Na zaidi ya pesa, muiondoe karatasi ile leo, muandike nyingine inayosema wazi kwamba goniopora lazima ilishwe chakula cha chembe ndogo mara kadhaa kwa wiki, na kwamba fosfeti na naitreti zisiwe sifuri. Kisha wapigieni simu wote walionunua kwenu. Namba zetu mnazo, mlituandikisha wakati wa malipo. Yupo mtu sasa hivi, pengine hapo hapo Dar es Salaam, anaiangalia yake ikifikia nusu ya urefu na anadhani ni joto. Huyo bado ana muda.

Mkitaka kunibadilishia kwa tumbawe jingine, sitalipokea likija na karatasi ileile.

Natoa siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka risiti, karatasi yenu, daftari na picha za matangi yote mawili kwenye Tume ya Ushindani, kwa kuwa kumwambia mteja kitu ni rahisi kutunza huku mkijua hakimalizi mwaka ni kumpotosha.

Kipande kilichobaki kipo hai. Mkimtuma mtu wenu aje akione, aje saa nne asubuhi polipu zikiwa wazi, nami nitamwonyesha jinsi ya kushika sirinji.

Wenu mteja,
Fundi wa mafriji,
Ngamiani, Tanga.