Sindano kwenye mfuko wa taka

Shoga yangu Mama Zai,

Assalaam aleikum. Sisi huku Manzese wazima, ila Baba Shufaa, mwenzetu wa kikundi cha kuzoa taka, ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Juma lililopita alikuwa anashindilia mifuko kwenye guta, sindano ikapenya glavu ikamchoma kidole. Glavu zenyewe zile nyembamba za kuoshea vyombo, maana nzito tunajinunulia wenyewe na si kila mtu anazo.

Tulimkimbiza kituo cha afya siku ileile. Wamemwanzishia dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile zinazotakiwa kuanza kabla ya saa 72 kupita, atazimeza siku 28. Wakamuuliza kama amechanjwa homa ya ini. Nani kati yetu amechanjwa? Dawa zinamtapisha lakini kazini anakuja, usipozoa hulipwi. Na masika haya wateja wanagoma kutoa ada: gari likikwama kwenye tope la dampo, Pugu Kinyamwezi, taka zinalala mtaani na matusi tunayabeba sisi. Mama wa duka la kona, unamjua maneno yake, ameapa hatoi hata mia. Haya, hayo tuyaache.

Hiyo sindano ndiyo inaninyima usingizi. Haikutoka hospitali! Ilikuwa kwenye mfuko wa nyumba ya kawaida, humo humo na maganda ya ndizi na pampasi. Nikiwauliza wateja wenye wagonjwa wa kisukari, wengi wanasema hakuna aliyewaelekeza wazitupe wapi. Chupa ngumu ya plastiki tu ingetosha, ya sabuni ya maji, unatumbukiza, ikikaribia kujaa unafunga kifuniko, unairudisha kliniki. Vioo navyo vifungwe kwenye boksi.

Sasa wewe uko hapo kliniki. Naomba umfuate mganga mfawidhi, siku ya wagonjwa wa sukari waelezwe wote kabla hawajapewa dawa. Watu watakusikiliza wewe, si mimi niliyesimama mlangoni na kiroba.

Na chanjo ya homa ya ini kwa watu wazima ipo kwenu? Dozi zote tatu ni shilingi ngapi? Tukija kikundi kizima mtatupunguzia? Mama mkubwa bado anajichoma insulini asubuhi na jioni? Sindano zake mnaweka wapi? Na yule kijana anayezoa kwenu, ana glavu?

Nijibu kabla ya Jumamosi, tuna kikao cha kikundi na nimeshawaahidi nitakuja na jibu.

Wako,
Mama Shani