Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: wajukuu tunaowalea wahesabiwe katika ushuru wetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili afisi yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye bado hajafikia miaka 60 ya kustaafu, na kila mwezi ushuru wangu hukatwa kabla mshahara haujanifikia. Nyumbani kwangu wanaishi wajukuu watatu. Wawili ni wa binti yangu aliyefariki, na baba yao hajulikani aliko. Wa tatu aliachwa kwangu na mamake alipokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Karo, sare, chakula na dawa zao hutoka katika mshahara huohuo mmoja.

Nimevumilia muda mrefu. Kilichonifanya niandike hadharani ni jambo la juzi, nilipokwenda katika kampuni moja ya bima kumkatia mjukuu wangu mdogo bima ya elimu ya miaka 10, nikijua kwamba mlipaji wa bima ya namna hiyo hupewa nafuu ya ushuru (kiasi kinachopunguzwa katika ushuru anaodaiwa) ya asilimia 15 ya malipo yake, mradi isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ajenti alinisikiliza vizuri, akakitazama cheti cha kuzaliwa, kisha akaniambia kuwa nafuu hiyo sitaipata, kwa sababu Sheria ya Ushuru wa Mapato inamtaja mlipaji mwenyewe, mwenzi wake na mtoto wake, na mjukuu hayumo. Halafu akapunguza sauti, akanishauri nimwandike mtoto huyo kuwa mwanangu wa kuzaa. Mheshimiwa, maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli. Nilikataa, nikaondoka bila bima, na hasira niliyoondoka nayo haikuwa ya ajenti yule bali ya sheria inayomfaidi mwenye kudanganya na kumwadhibu msema kweli.

Hilo la bima, hata hivyo, ni tawi tu. Shina liko kwenye hati ya mshahara. Nafuu ya kibinafsi ninayopewa ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Aprili 2020, wakati wa korona, ilipandishwa kutoka shilingi 1,408, nasi tulishukuru kwa dhati. Lakini ni ileile kwa kijana anayeishi peke yake na kwa nyanya anayelisha watoto watatu. Mwalimu mwenzangu wa ngazi yangu ya mshahara, ambaye hana mtu anayemtegemea, hukatwa sawa na mimi hadi shilingi ya mwisho, na sote wawili hukatwa pia asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Simwonei kijicho. Ninachouliza ni kwamba, katika hesabu yote hiyo, watoto hawa wako wapi?

Agosti 4, 2010 tulipiga foleni kuipitisha Katiba. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa, na kwamba maslahi yake ndiyo yatakayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Nilivisoma vifungu hivyo mwaka ule nikaviamini, na bado naviamini, ndiyo maana nakukumbusha.

Nadhani walioiandika Sheria ya Ushuru wa Mapato, iliyoanza kutumika Januari 1974, waliiwazia nyumba yenye baba, mama na watoto wao. Huenda haikuwapitikia kwamba ungekuja ukimwi na kuwaacha wazee na watoto peke yao, wala kwamba akina mama vijana wangesafiri kwa wingi kwenda Ghuba kutafuta riziki. Sisi tuliobaki nyumbani ndio tuliopokea watoto hao, bila kungoja amri ya mahakama, na mara nyingi bila karatasi yoyote isipokuwa barua ya chifu. Serikali humtambua mzee akifika miaka 70, ikampa shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wake wa kuwasaidia wasiojiweza, na hilo ni jema. Ila sisi ambao bado tunafanya kazi na bado tunalipa ushuru hatuonekani kabisa kuwa walezi.

Nchini Marekani, babu au nyanya aliyeishi na mjukuu wake kwa zaidi ya nusu ya mwaka anaweza kumwandika kuwa tegemezi wake katika ushuru, ikiwa mtoto hajafika miaka 19, au 24 akiwa bado mwanafunzi, na ikiwa hajigharimii mwenyewe zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Mzazi na nyanya wakimdai mtoto mmoja, sheria imekwisha kuamua kwamba mzazi hutangulia. Najua sisi si Marekani na hazina zetu hazilingani. Nataja mfano huo kwa sababu najua wataalamu wako watakuambia kwamba jambo hili haliwezi kusimamiwa, kwamba watu watadai watoto hewa. Mtoto wa shule tayari ana nambari yake ya usajili, nami nina PIN yangu ya ushuru. Nambari moja ya mtoto ifungamane na PIN moja tu, mwalimu mkuu na chifu wathibitishe anakoishi, na atakayedanganya ashtakiwe. Uongo upo hata sasa, Mheshimiwa, kwa kuwa kuna watu wanaoshauriwa kuwaandika wajukuu kuwa watoto wao, na si wote wanaokataa.

Kila mwaka, kabla ya Mswada wa Fedha, Hazina ya Kitaifa hualika maoni ya wananchi. Haya ndiyo maoni yangu. Siombi msaada, wala siombi kuondolewa ushuru, maana barabara na shule zinajengwa kwa fedha hizo. Naomba mjukuu anayelelewa na babu au nyanya yake atambuliwe na sheria ya ushuru kuwa tegemezi wa mlezi huyo. Ikiwa nafuu ya kila mwezi kwa kila mtoto ni nzito kwa bajeti ya mwaka ujao, basi anza na ile ya bima, ambayo inahitaji kurekebishwa kifungu kimoja tu. Naomba liwemo katika mswada ujao, nami naomba jibu lako liwe la hadharani kama ilivyo barua hii, kwa sababu walezi wanaolingoja ni wengi.

Wako mtiifu,
Mwalimu na nyanya wa watatu