Obama, kanisa lake na tumaini letu

Mhariri naomba kanafasi. Juzi kijiweni hapa Bagamoyo tumebishana sana kuhusu Obama kulihama kanisa lake la Trinity kule Chicago mwaka 2008, baada ya mahubiri ya mchungaji Jeremiah Wright kuzua kelele wakati wa kampeni, mwenzangu akasema tumaini la Mkristo liko mbinguni tu, siasa haihusiki. Mi nakataa kabisa. Hapa kwetu mapadre walifika 1868 wakakomboa watumwa wakawapa na mashamba walime, sasa wale nao wangeambiwa wasubiri mbinguni? Mbingu naiamini, mama yangu tumemzika na rozari mkononi, ila tumaini lisilomgusa mwenye njaa leo silielewi. Viongozi wetu wanaokaa viti vya mbele kanisani watuambie wao wanaamini lipi.

Msomaji, Bagamoyo