Samaki aliyekakamaa si samaki aliyelala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea niyaonayo kwenye mialo ya hapa Mwanza, ambako wanunuzi wengi humkataa sato aliyekakamaa wakidai kuwa amelala, kisha wakamchagua yule laini anayekunjika mkononi. Baiolojia ya misuli haiwaungi mkono.

Kila seli ya kiumbe hai, iwe ya samaki au ya mvuvi mwenyewe, huendesha kazi zake kwa molekuli iitwayo adenosini trifosfeti, kwa kifupi ATP, ambayo mwanakemia Mjerumani Karl Lohmann aliigundua katika misuli mwaka 1929. Molekuli hiyo ina fosfeti tatu, na ya mwisho inapokatwa hupatikana nishati ya kuuwezesha msuli kujivuta. Jambo wasilolitarajia wengi ni kwamba hata kulegea kunaihitaji ATP, kwa kuwa nyuzi za msuli, aktini na miosini, zikishashikana haziachani mpaka ATP nyingine ijishikize kwenye miosini. Samaki akifa, oksijeni haifiki tena kwenye misuli, akiba ya ATP huisha, na nyuzi hubaki zimefungamana. Aliyepapatika wavuni kwa muda mrefu hukakamaa mapema zaidi, maana sehemu kubwa ya akiba hiyo aliimaliza akiwa hai.

Ulaini unaofuata baadaye hauletwi na ATP kurejea, bali na vimeng'enya vya samaki mwenyewe vinavyoanza kuidhoofisha misuli. Kwa hiyo samaki laini aweza kuwa ametoka majini sasa hivi, au amekwisha kuipita hatua ya kukakamaa zamani, na kidole peke yake hakiwezi kuwatofautisha hao wawili. Matamvua, macho na harufu ndivyo vitoe ushahidi.

Hata ladha imo humu. ATP inapovunjika huzaa inosini monofosfeti, ambayo huupa mchuzi utamu wake, nayo ikiendelea kuvunjika hutoa hipozanthini, iliyo chungu. Watafiti wa Japani walipendekeza mwaka 1959 kuupima ubichi wa samaki kwa uwiano wa mabaki hayo, na kipimo hicho kingali kikitumika. Mabadiliko haya ya mwanzo hayawangoji bakteria. Huanza mtumbwini, na joto huyaharakisha. Barafu anayowekewa sangara baada ya kufika mwaloni, akiwa ameshinda juani, huyapunguzia kasi yaliyobaki tu.

Ningependa vikundi vya usimamizi wa mialo vianze kuuliza kama barafu ilikuwamo chomboni tangu samaki alipotolewa majini, na viwakataze wapakiaji kumkunja kwa nguvu aliyekakamaa ili aenee kwenye tenga, kwani nyama yake hupasuka ndani na minofu hutoka imechanika, kisha lawama zikamwangukia mkata minofu.

Mwalimu wa baiolojia,
Mwanza