Sahibu, Njoo Mombasa na Njaa

Mji wa Kale, Mombasa,
14 Julai.

Kwa sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, nami pamoja na watu wa nyumbani hatujambo. Tunaomba nanyi huko Dodoma muwe katika hali hiyo hiyo. Tumefurahi mno kusikia kwamba mwezi ujao wewe, shemeji na watoto mtakuja kukaa nasi siku tano. Umeniomba nikupangie pa kula na pa kutembea, nami nitakujibu kwa kirefu, kwa maana niliwahi kuwapangia wageni vibaya na aibu yake bado ninayo.

Wageni hao, jamaa zetu wa bara, niliwazungusha Fort Jesus saa sita mchana, jua likiwa la utosi, kisha nikawapeleka hoteli moja ya ufukweni kula samaki wa kupaka. Tulikaa karibu saa mbili tukiitazama bahari huku matumbo yakinguruma, na samaki alipoletwa tui lilikuwa limekatika, maji mbali na mafuta mbali. Tangu siku ile ninampanga mgeni kwa kufuata saa za chakula. Kila chakula cha mji huu kina saa yake na mtaa wake, na vya kutazama vinaingia katikati bila taabu.

Kwa kuwa mtapitia Segera, Tanga na mpaka wa Horohoro, mtaingia Mombasa kwa upande wa Likoni, na kitu cha kwanza kutazama kitakuwa feri yenyewe. Mtu wa miguu halipi nauli. Simameni ukingoni na watoto, muwashike mikono, muone meli za mizigo zikipita kuingia bandari ya Kilindini, kubwa kiasi cha kuifanya feri ionekane kama ngalawa. Nitakuwa ninawangoja ng'ambo ya pili.

Asubuhi ya kwanza tutatoka saa moja, kabla jua halijapata nguvu, twende Kibokoni kula mahamri na mbaazi. Najua utasema kwamba maandazi mnayo Dodoma. Sahibu, subiri uyaone. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa na kukatwa pembe, na ukitiwa katika mafuta ya moto huvimba mpaka ndani hubaki uwazi. Ukilichana moja likiwa bado moto, mvuke wenye harufu ya iliki hutoka kwanza. Ndipo unapochota mbaazi zilizopikwa kwa tui zito, ukatia kinywani. Ikifika saa tatu wapishi wengi wamekwisha kuuza, na anayechelewa hula yaliyopoa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Fort Jesus, ambako wenyeji huita Ngomeni, na milango hufunguliwa saa mbili. Chukueni pasipoti zenu, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki hawatozwi sawa na wageni wa mbali. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na hawakuitwaa mpaka Desemba 1698, wakati ambapo maradhi na njaa vilikuwa vimekwisha kuwamaliza wengi waliokuwa ndani. Baadaye Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Watoto watapenda mizinga, lakini wewe nataka nikuoneshe michoro ya ukutani iliyochorwa na mabaharia na askari wa Kireno, yenye merikebu nyingi. Mimi husimama mbele yake kila ninapokwenda, nikimfikiria mtu aliyekaa mbali na kwao, hana la kufanya, akachora chombo cha kumrudisha.

Saa sita tutarudi nyumbani, na hapo ndipo mtakapokula samaki wa kupaka wa kweli. Mwenzangu amekwisha kuapa kwamba shemeji hatakula samaki mwingine kabla ya huyo. Atachomwa juu ya makaa, akipakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili mara baada ya mara, mpaka lishike. Baada ya chakula mtalala. Si uvivu, jua la mchana hapa halina staha kwa mgeni, ingawa mwezi wa Agosti kusi bado inapuliza na joto ni la kuvumilika.

Alasiri moja tutampeleka shemeji Biashara Street kuchagua khanga, ambazo sisi huku huziita leso. Mwambie asinunue kwa rangi peke yake, asome jina kwanza, yaani yale maneno yaliyoandikwa, maana muuzaji hatamweleza kwamba aliyoishika ni ya kumpiga mtu kijembe. Mafundi wako pale pale barabarani na vyerehani vyao, nao watampindia akisubiri. Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu, za alumini, za Moi Avenue tutazipita njiani. Pigeni picha, inatosha.

Jioni ni ya Mama Ngina, ufukweni kwenye mibuyu, mahali pa mihogo. Usinunue ile iliyokwisha kurundikwa katika sinia. Simama mbele ya jiko, uchague unaobabuka juu ya makaa. Muuzaji ataupasua katikati, achukue nusu ya ndimu, aichovye katika pilipili iliyochanganywa na chumvi, kisha ausugue muhogo huo hadi ndimu ibaki ganda. Kwa watoto mwambie apunguze mkono. Dafu liko hatua mbili kutoka hapo. Usiku, wake na watoto wakipumzika, mimi nawe tutakaa barazani tunywe kahawa tungu kwa kashata, tuwasikilize wazee wakiibishania siasa.

Siku moja tu nitawatoa kisiwani, twende Bamburi kwenye Haller Park. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe la mawe, mpaka mwaka 1971 walipoanza kupanda mivinje. Majani ya mivinje hayakuoza upesi, wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Hapo ndipo alipoletwa Owen, yule kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mzee kana kwamba ni mamake. Wasimulie watoto ndani ya basi, safari itapungua urefu. Chakula cha siku hiyo tutabeba wenyewe.

Niandikie siku mtakayoondoka Dodoma, ili nijue siku ya kusimama kivukoni. Na ikiwa zabibu zitakuwa zimeiva, mwenzangu anaomba kikapu kimoja. Asema atalipa kwa mkate wa sinia.

Wasalaam,
Ni mimi sahibu yako.