Dawa ya kolesteroli ilitoka kwenye ukungu wa mchele

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita uliandika kwamba statini, vile vidonge vya kushusha kolesteroli, ni uvumbuzi wa Marekani. Mimi navimeza kila usiku, huu mwaka wa nne, na nimeuza mchele hapa Morogoro miaka thelathini. Jambo hili linanihusu pande zote mbili.

Mvumbuzi ni Mjapani, Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita. Mwaka 1971, akiwa kampuni ya Sankyo, Tokyo, alianza kupima kuvu, moja baada ya nyingine, akisaka kitu cha kuzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Alipima zaidi ya 6,000 kwa miaka miwili. Iliyomfaa ni ukungu wa rangi ya kijani na buluu, uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka la Kyoto.

Hapo nilicheka peke yangu. Masika bati likivuja, gunia la chini hushikana pembeni. Ukipenyeza mkono unakuta vuguvugu, ukiutoa vidole vina vumbi la kijani na harufu ya udongo. Magunia ya hivyo nimeyatupa mengi, huku nikilaani. (Asije mtu akapika mchele huo akidhani ni dawa. Ukungu una sumu. Endo alichuja kitu kimoja tu humo.)

Kumbe hata baada ya kukipata, panya waliopewa hawakuonyesha mabadiliko yoyote. Kazi ingeishia hapo, lakini mwenzake mmoja alikuwa na kuku wa mayai. Kiini cha yai kimejaa kolesteroli, maana yake kuku huitengeneza kwa wingi. Kuku walipopewa dawa, kolesteroli ya kwenye damu yao ikashuka hadi nusu.

Wamarekani walikuwa wa kwanza kuruhusu statini iuzwe, mwaka 1987, ya kampuni ya Merck, iliyotokana na kuvu nyingine. Hilo ni lao, siwanyimi. Lakini Endo, aliyefungua njia, hakupata mrabaha wowote, na alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90.

Naomba masahihisho, hata mistari miwili, ukurasa ule ule. Mke wangu alikata makala yenu akaibandika ukutani, juu ya boksi langu la vidonge. Nami nina gundi tayari.

Muuza mchele,
Morogoro